Gemu za RPG za zamani kwenye mashine za leo: mwongozo kamili kwa mchezaji wa Mombasa

Mtu akifungua duka la mtandaoni la Steam leo na kutafuta Final Fantasy, mfululizo wa gemu za RPG (za kuongoza wahusika katika hadithi ndefu), ataletewa gemu ya saba ya 1997 kwa sura yake ya zamani, sehemu mbili za gemu hiyohiyo iliyoundwa upya kuanzia 2020, na kundi la gemu sita za mwanzo zilizochorwa upya kwa pikseli. Zote zinastahili jina hilo, lakini hazilingani kwa ukubwa, kwa bei, kwa namna ya kupigana wala kwa mashine zinazohitaji. Anayenunua kwa kuangalia picha za dukani peke yake anaweza kumaliza bando la mwezi akipakua kitu ambacho laptopu yake haitakifungua.

Mwongozo huu unafuata safari nzima, kuanzia kuchagua toleo hadi kulinda rekodi ya mchezo wako. Nimeshughulikia zaidi kompyuta na simu za Android, kwa kuwa ndizo wengi wetu tulizo nazo. Kumbi za PlayStation za mitaani, ziwe Majengo au Kisauni, hulipisha kwa mechi au kwa muda, na gemu inayotaka saa arobaini za kusoma mazungumzo na kupanga silaha haina nafasi pale, hasa ukiwa na foleni ya vijana nyuma yako wanaosubiri kucheza kandanda.

Hatua ya 1: Tambua kilichobadilishwa na kilichoachwa

Kila gemu ina matabaka. Chini kabisa kuna kanuni zake: pigo moja linapunguza uhai kiasi gani, adui hutokea lini, mhusika hupanda ngazi kwa alama ngapi. Juu ya kanuni kuna picha na sauti, na juu ya hizo kuna menyu na vitufe anavyovishika mchezaji. Kabla ya kuangalia bei, jiulize waundaji wa toleo jipya wamegusa tabaka lipi. Nyumba ya Mji wa Kale inaweza kupakwa chokaa upya na kuta zake za matumbawe zikabaki zilezile, inaweza kuingizwa mabomba na nyaya, au inaweza kubomolewa na ghorofa ikasimama kwenye kiwanja hichohicho. Tangazo la dalali litazisifu zote tatu kwa maneno mamoja.

Kundi la kwanza ni la gemu zilizohamishwa tu. Kanuni na picha ni zilezile, ila programu imefanywa ikubali mashine mpya. Final Fantasy VII ya Steam na ya Android ni ya namna hii, na vivyo hivyo Collection of SaGa, inayokusanya gemu tatu za Game Boy na kuziweka kwenye simu na kompyuta. Hizi ni nyepesi na hazimkanganyi mtu anayekumbuka gemu ya awali, lakini hubeba pia usumbufu wote wa zamani, kuanzia menyu za kuzunguka hadi mapambano yanayokukatiza kila hatua chache.

Kundi la pili ni la zilizong'arishwa. Baldur's Gate ya 1998 ilirudi mwaka 2012 kwa jina la Enhanced Edition kupitia kampuni ya Beamdog, ikiwa na uwezo wa kutumia skrini pana, kukuza maandishi na kuchezwa kwenye tableti, pamoja na wahusika wapya kama Neera na Dorn ambao gemu ya awali haikuwa nao. Final Fantasy Pixel Remaster, iliyotolewa kwa awamu kuanzia Julai 2021 hadi Februari 2022 kwa kompyuta na simu, ilichora upya gemu sita za mwanzo na kupiga upya muziki wake. Katika gemu ya sita, onyesho la opera ambalo mwaka 1994 liliigizwa kwa milio ya chipu ya Super Nintendo sasa linaimbwa na watu kwa sauti zao, katika lugha kadhaa. Kwa gemu ya tatu faida ni kubwa zaidi. Ilitoka Japani mwaka 1990, na wasio Wajapani waliipata rasmi mwaka 2006 ikiwa tayari imegeuzwa kuwa ya 3D kwa ajili ya Nintendo DS. Pixel Remaster ndiyo iliyowaletea kwa mara ya kwanza sura yake ya 2D.

Kundi la tatu ni la zilizoundwa upya kutoka msingi. Final Fantasy VII Remake ya 2020 inachukua mji wa Midgar, ambao katika gemu ya 1997 ni saa chache za mwanzo, na kuufanya gemu nzima; mapambano ya kusubiri zamu yamekuwa ya kukimbia, kukwepa na kupiga papo kwa papo, na hadithi yenyewe imepindwa mahali kadhaa. Sehemu ya pili, Rebirth, ilifuata mwaka 2024. Ni kazi nzuri sana, lakini haimalizi hitaji la mtu anayetaka kuijua gemu ya 1997, na ningemshauri aanze na ile ya zamani ili mipindo ya ile mpya imwingie. Dragon Quest III ya 2024 ni mfano wa upole zaidi: mandhari yake yana kina na mwanga wa kisasa, wahusika wamebaki wa pikseli, na mapambano bado ni ya zamu kama yalivyokuwa mwaka 1988.

Zinazonivutia mimi zaidi ni zile zinazokataa kuingia katika kundi lolote kati ya hayo. Wizardry: Proving Grounds of the Mad Overlord iliandikwa kwa kompyuta ya Apple II na kutolewa mwaka 1981. Kampuni ya Digital Eclipse ilipotoa toleo lake kamili mwezi Mei 2024, ilijenga picha mpya za mashimo (mapango ya kupigania) na mazimwi juu ya msimbo (maandishi ya programu) uleule wa Apple II, na mchezaji anaweza kufungua kidirisha kidogo akaona skrini ya zamani yenye mistari michache ikiendelea kufanya hesabu huku juu yake joka likipumua moto kwa rangi zote. Diablo II: Resurrected ya 2021 inafanya jambo la karibu na hilo: ukibonyeza G kwenye kibodi, picha mpya zinaondoka na unarudi mwaka 2000 ukiwa palepale uliposimama, kwa sababu mchezo wa zamani ndio unaokwenda chini wakati wote. Hata Oblivion Remastered ya Aprili 2025 ina injini (programu zinazoendesha gemu) mbili, ile ya 2006 inayosimamia kanuni na Unreal Engine 5 inayochora. Ndiyo maana baadhi ya vituko vya 2006 bado vimo, pamoja na mazungumzo ya ajabu ya wenyeji barabarani.

Baada ya kujua kilichoongezwa, tafuta kilichoachwa. Hapa ndipo wanunuzi wengi hushtuka, kwa kuwa toleo la karibuni mara nyingi si lenye mambo mengi zaidi. Pixel Remaster haina mashimo ya ziada yaliyowekwa katika matoleo ya Game Boy Advance. Persona 3 Reload ya Februari 2024, ambayo ni Persona 3 iliyoundwa upya, imemwacha mhusika mkuu wa kike aliyekuwemo katika Persona 3 Portable, na sura ya mwisho iliyokuwa ndani ya toleo la FES iliuzwa kando miezi kadhaa baadaye. Anayemtaka mhusika huyo atumie Portable, iliyohamishiwa mashine za kisasa Januari 2023. Final Fantasy Tactics: The Ivalice Chronicles ya Septemba 2025 inakupa toleo lenye marekebisho na toleo lenye sura ya 1997 katika ununuzi mmoja, lakini kazi za ziada (aina za wapiganaji) kama Dark Knight, zilizoletwa na toleo la PSP, mashine ya mkononi ya Sony, hazimo.

Wakati mwingine sababu ni uamuzi wa waundaji, na wakati mwingine ni msimbo kupotea. Kampuni za miaka ya tisini hazikuwa na mazoea ya kutunza msimbo baada ya gemu kufika sokoni. Msimbo wa Final Fantasy Tactics haukuhifadhiwa, ikabidi watu waijenge upya kwa kuitazama gemu yenyewe. Icewind Dale ya kwanza ilipata toleo lililong'arishwa mwaka 2014, ila ya pili haikupata, kwa kuwa Beamdog waliutafuta msimbo wake wasiupate.

Hatua ya 2: Pima mashine yako kabla ya moyo wako

Fungua ukurasa wa gemu dukani, shuka hadi kwenye mahitaji ya kompyuta, na usome mambo matatu: RAM, kadi ya picha na nafasi ya kuhifadhi. Oblivion Remastered inataka angalau RAM ya GB 16, kadi ya kiwango cha GTX 1070 Ti na nafasi ya GB 125. Oblivion ya 2006 iliridhika na RAM ya MB 512. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa katikati ya mji zilikuwa za ofisini huko zilikotoka; zina RAM ya GB 4 au 8, hazina kadi ya picha ya pekee, na skrini zake ni za pikseli 1366 kwa 768. Mwenye mashine kama hiyo asihuzunike, kwani Baldur's Gate, Planescape: Torment, Icewind Dale, Pixel Remaster zote sita na Chrono Trigger zitakwenda bila shida, na hizo peke yake ni kazi ya mwaka mzima.

Ukiwa unanunua laptopu ya mtumba kwa ajili ya gemu hizi, weka fedha kwanza kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka), kisha kwenye RAM ya GB 8. Muulize muuzaji afungue Task Manager mbele yako, sehemu ya utendaji, na ujionee mwenyewe aina ya diski na kiasi cha RAM badala ya kuamini kibandiko kilichogundishwa kwenye kifuniko.

Kwa simu, angalia jambo ambalo watu hulisahau, yaani tarehe ambayo gemu ilisasishwa kwa mara ya mwisho. Gemu za zamani za Android ziliandikwa kwa mfumo wa biti 32, na simu za kisasa zimeanza kuukataa. Google Pixel 7 ya 2022 inakubali programu za biti 64 pekee. Apple walikuwa wameshafanya hivyo tangu iOS 11 mwaka 2017, na gemu kadhaa za RPG zilizokuwa zimenunuliwa kwa fedha halali zilikoma kufunguka siku hiyo. Gemu ambayo haijaguswa kwa miaka mingi inaweza kukataa kusakinishwa utakapobadilisha simu. Angalia pia ukubwa wa maandishi: gemu hizi ni za kusoma, na Baldur's Gate kwenye simu ya inchi sita inachosha macho, ilhali kwenye tableti ni raha tupu. Pixel Remaster na Final Fantasy VII zinakaa vizuri kwenye simu kwa sababu menyu zake zina maneno machache.

Hatua ya 3: Soma historia ya viraka

Gemu iliyohamishwa vibaya siku ya kwanza inaweza kuwa nzuri mwaka unaofuata kwa viraka, yaani masasisho ya kurekebisha kasoro, na maoni ya siku ya kwanza hubaki dukani yakiwatisha watu. Mfano ulio wazi ni Chrono Trigger. Gemu hii ya 1995 ilipofika Steam mwezi Februari 2018, ilikuwa imetolewa kwenye simu na kutupwa kwenye kompyuta bila kubadilishwa: vitufe vikubwa vya kugusa kwa kidole, picha zilizopakwa ulaini hadi zikapoteza makali, na maandishi yasiyolingana na mazingira. Malalamiko yalikuwa makali, na Square Enix, kampuni yenye gemu hiyo, wakatoa viraka kadhaa katika mwaka huohuo, vikarudisha chaguo la picha za awali na kuleta menyu zinazofaa kibodi na padi (kidhibiti cha mkononi). Anayeinunua leo anapata kitu tofauti kabisa na kile kilichosemwa vibaya.

Kwa hiyo, ukifika kwenye maoni ya Steam, chuja yabaki ya miezi ya karibuni, kisha fungua orodha ya habari za gemu uone kiraka cha mwisho kilitoka lini na kilirekebisha nini. Kumbuka pia kwamba viraka havifiki mashine zote kwa pamoja. Pixel Remaster ilipofika PlayStation 4 na Switch mwezi Aprili 2023, ilikuja na uwezo wa kuchagua herufi za mtindo wa zamani, muziki wa awali na kuzima mapambano ya ghafla, mambo ambayo waliotangulia kuinunua kwa kompyuta na simu hawakuwa nayo siku walipolipa.

Hatua ya 4: Lipa kwa njia inayokuruhusu kurudi nyuma

Mwenye M-Pesa na asiye na kadi ya benki atumie huduma ya GlobalPay, inayotoa kadi ya Visa isiyoshikika ndani ya simu. Ukishaifungua kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#, utapewa namba ya kadi, na kila unapotaka kulipa utaomba tarakimu za CVV (za usalama wa kadi) zinazodumu kwa muda mfupi tu; kwa hiyo jaza kila kitu dukani kwanza, ndipo uombe tarakimu hizo. Steam hutuuzia kwa dola, na kiwango cha kubadilishia fedha kitaongeza kidogo juu ya bei unayoiona, hivyo acha ziada kwenye akaunti ili malipo yasikwame.

Masharti ya kurudishiwa fedha ndiyo yanayonifanya nipendelee maduka mawili. Steam hukurudishia ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. GOG hutoa siku 30, na gemu zake hazina kufuli: unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako, na hulazimiki kuunganishwa na intaneti tena. Kwa mtu ambaye intaneti yake huja na kuondoka, hilo lina uzito. Google Play hupokea maombi ya kurudishiwa ndani ya saa 48.

Kwa wenye PlayStation, Kenya haina duka lake katika mtandao wa Sony, na wengi hutumia akaunti za nchi nyingine. Ukifanya hivyo, hakikisha diski unayonunua na nyongeza utakazopakua ni za eneo moja, la sivyo nyongeza haitaitambua diski. Na ukinunua Final Fantasy VII Remake ya PS4 kutoka mkononi mwa mtu, dai diski mbili: moja ni ya kusakinisha na nyingine ni ya kuchezea, na moja bila mwenzake haina kazi.

Sitazungumzia diski na flashi za kunakiliwa zinazouzwa kwa bei ya soda isipokuwa kwa sentensi mbili. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi, na gemu za zamani hazijatoka katika ulinzi huo kwa kuwa ni kongwe. Pia, nakala hizo huwa za toleo la siku ya kwanza lisilo na viraka, nawe umeshaona katika hatua ya tatu maana yake ni nini.

Hatua ya 5: Pakua kwa hesabu

Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 1 huchukua takriban dakika 13, na GB 125 za Oblivion Remastered huchukua takriban saa 28 mfululizo, ikiwa kasi haitashuka na stima haitapotea. Kwa bando la simu hesabu hiyo haifai hata kuanzwa. Kwenye Steam, ingia kwenye mipangilio ya upakuaji, uweke kikomo cha kasi ili wengine nyumbani wasilalamike, na uchague saa za usiku kwa masasisho. Kwa kila gemu kubwa, agiza isasishwe pale tu unapoifungua. Stima ikikatika katikati, Steam itaendelea kutoka ilipofikia.

Kama rafiki yako ana faiba na wewe huna, GOG inakufaa zaidi. Faili la kusakinisha gemu kubwa hugawanywa vipande, nawe unaweza kuvipakua kwake kimoja kimoja na kuvibeba kwenye flashi. Flashi nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao hukataa faili lolote linalozidi GB 4 kwa ujumbe kwamba faili ni kubwa mno, hata kama flashi ni tupu. Iweke upya kwa mpangilio wa exFAT kabla ya kuondoka nyumbani, ukijua kwamba kazi hiyo inafuta kila kilichomo.

Hatua ya 6: Mfano kamili wa usakinishaji, Morrowind kwa injini ya OpenMW

Mbali na makundi matatu ya hatua ya kwanza, kuna njia ya nne ambayo hakuna kampuni inayoiuza. Wapenzi wa gemu huandika injini mpya kutoka sifuri na kuitoa bure, kisha injini hiyo husoma picha, sauti na hadithi kutoka kwenye nakala uliyoinunua. Fallout ya 1997 na Diablo ya kwanza zina injini kama hizo, na Daggerfall ya 1996, ambayo Bethesda, kampuni iliyoiunda, waliitoa bure mwaka 2009, ina Daggerfall Unity iliyofika toleo la 1.0 mwishoni mwa 2023. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa mwenye laptopu dhaifu, na Morrowind ya 2002, kwa injini yake mpya iitwayo OpenMW, ndiyo gemu nzuri ya kujifunzia.

Nunua Morrowind pamoja na nyongeza zake, Tribunal na Bloodmoon, ambazo Steam na GOG huziuza kwa pamoja, na uisakinishe kama kawaida. Nenda kwenye tovuti rasmi ya OpenMW, upakue toleo thabiti la mfumo wako, iwe Windows, Linux au macOS, kisha ulisakinishe kwenye folda yake lenyewe, si ndani ya folda ya Morrowind. Ukifungua kizinduzi chake kwa mara ya kwanza kitakuuliza kama unataka kiongozi cha usakinishaji. Kubali, uchague kwamba gemu tayari iko kwenye kompyuta. Kisipoiona chenyewe, kielekeze kwenye folda inayoitwa Data Files na ubofye faili la Morrowind.esm. Chagua Kiingereza kama lugha ya faili zako, kisha ukubali kuchukua mipangilio ya zamani kutoka Morrowind.ini, kwa sababu mambo kama rangi za mbingu na hali ya hewa yameandikwa mle.

Kiongozi kikishamaliza, rudi kwenye kizinduzi, sehemu ya faili za data, na uweke tiki kwenye Tribunal.esm na Bloodmoon.esm chini ya Morrowind.esm. Usipoweka tiki, gemu itafunguka vizuri kabisa bila nyongeza zozote, na unaweza kucheza mwezi mzima usijue. Kwenye sehemu ya picha chagua ukubwa halisi wa skrini yako, na kwenye laptopu isiyo na kadi ya picha zima vivuli. Ukiingia ndani, punguza umbali wa kuona na uzime maji yenye mng'ao.

Utaanzia melini, ushuke kwenye kijiji cha Seyda Neen, na kila kitu kitakwenda laini. Usihukumu hapo, kwa sababu kijiji hicho ni kidogo. Panda mdudu wa kusafiria hadi Balmora, usimame karibu na mto katikati ya mji ukiangalia nyumba, na hapo ndipo utakapojua kama umbali wa kuona unahitaji kupunguzwa tena.

Hatua ya 7: Tumia saa mbili za mwanzo kama fundi

Ukiwa bado ndani ya muda wa kurudishiwa fedha, usizame kwenye hadithi. Anza na picha. Gemu za Super Nintendo zilichorwa kwa mistari 224 kwenda chini, na ili kila pikseli ibaki mraba safi, ukuzaji lazima uwe kwa namba kamili. Kwenye skrini ya mistari 768, mara 3 ni 672, na utabaki na ukanda mweusi juu na chini. Kwenye skrini ya 1080, mara 4 ni 896. Gemu ikijaza skrini yote, baadhi ya pikseli zitakuwa nene kuliko jirani zake, na mtu anapotembea utaona uso wake ukitetemeka. Tafuta kwenye mipangilio chaguo la kukuza kwa namba kamili. Mimi nachagua ukanda mweusi kila mara.

Kisha jaribu padi na kibodi, usikilize muziki wa awali na ule mpya, na uingie kwenye pambano moja refu. Gemu za Beamdog zina mpangilio wa kusimamisha mchezo wenyewe adui anapoonekana au mhusika anapojeruhiwa; uwashe, kwani bila huo mchawi wako atakufa ukiwa bado unasoma jina la adui. Ongeza ukubwa wa maandishi, na ubonyeze Tab uone milango na masanduku yote yakiwaka. Kama ugumu unakukera, kuna daraja la hadithi ambalo wahusika wako hawafi.

Mwisho wa majaribio, weka kikomo cha fremu (picha zinazochorwa) 30 au 60 kwa sekunde. Gemu ya zamu haifaidiki kwa fremu 144, na kadi ya picha inayochora bila kikomo hupandisha joto bure. Katika miezi ya Januari hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi kina joto tayari.

Hatua ya 8: Linda rekodi na mashine

Gemu nyingi za zamani zilizohamishwa huhifadhi mahali maalumu tu, na stima ikikatika kabla hujafika hapo, saa nzima imekwenda. Laptopu yenye betri nzima inatosha. Kwa kompyuta ya mezani nunua UPS (betri ya akiba), hata ndogo, yenye kinga ya kupanda kwa ghafla kwa umeme, kwa sababu stima inaporudi ndipo inapoumiza zaidi. Panapowezekana hifadhi katika nafasi kadhaa tofauti, ukizizungusha, ili faili moja likiharibika usirudi mwanzo.

Jua pia rekodi zako zilipo. Baldur's Gate huweka kwenye folda yenye jina lake ndani ya Documents, katika folda ndogo ya save; OpenMW kwenye Windows huweka ndani ya Documents, My Games, OpenMW, saves. Steam huzipandisha mtandaoni kwa gemu zinazokubali huduma hiyo, na alama ya wingu kwenye ukurasa wa gemu itakuonyesha kama imo. Zisizokubali, nakili folda nzima kwenye flashi kila mwisho wa wiki.

Hewa yetu ya chumvi hula feni na sehemu za kuchomekea waya, hasa kwa wanaoishi karibu na ufuo, Nyali au Likoni. Usiache laptopu ikiwaka dirishani unapopakua usiku. Iweke juu ya kitu kigumu kinachoruhusu hewa kupita chini yake, na mwambie fundi aifungue, asafishe feni na abadilishe gundi ya kupitishia joto mara sauti ya feni inapobadilika. Kabla ya kumkabidhi, toa nakala ya rekodi zako, kwa sababu mafundi wengine hufuta diski na kuweka Windows upya bila kuuliza, na kama ulikuwa na rekodi ya Baldur's Gate iliyofika sura ya sita, hakuna kiraka kitakachoirudisha.